Gari Linachemsha Lini? Swali Linaloweza Kuokoa Injini Yako

Mchana wa Januari, ukipanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, huwezi kuyakosa. Magari yameegeshwa pembeni, boneti ziko juu, mvuke unafuka, na wenyewe wamejibanza kwenye kijiti chochote chenye kivuli, vidumu vya maji miguuni. Ukisimama ukamsalimia mmoja na kumuuliza gari lina nini, jibu ni neno moja: "Inachemsha." Ukimdadisi kidogo atakumwagia historia nzima. Rejeta ilibadilishwa Dar es Salaam. Themostati ilitolewa Morogoro. Mikumi wamemuongezea feni. Pesa imekwenda, na gari bado linachemsha.

Kwamba magari makuukuu huchemsha si ajabu. Gari la mwaka 1998 lililobeba watu saba na mizigo yao, likapanda mlima kwenye jua la saa nane, lina kila haki ya kulalamika. Ajabu ni jinsi swali la kwanza lisivyoulizwa. Gari linafika gereji, fundi anasikia "inachemsha", na spana tayari iko mkononi. Hakuna aliyemuuliza dereva linachemsha lini. Ni kwenye foleni au likiwa mwendo? Ni mlimani tu, au hata Kibaha kwenye tambarare? Ni likiwa na kiyoyozi au hata bila? Ni dakika kumi baada ya kuliwasha, au baada ya saa mbili za safari?

Majibu hayo hayagharimu hata shilingi, na yanaweza kupunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili au watatu. Bila majibu hayo fundi anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Joto linavyotoka

Petroli inapoungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Inayobaki ni joto. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka na moshi kwenye ekzozi, na sehemu nyingine hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini hadi kwenye rejeta. Pale rejetani kazi yote ni ya hewa. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler nchini Ujerumani alibuni rejeta yenye vijibomba vidogo 8,070 vya kupitisha hewa, kwa ajili ya gari la kwanza lililobeba jina la Mercedes. Maumbo yamebadilika tangu hapo, lakini kanuni ni ile ile: maji yawepo ya kutosha, yatembee, na hewa ipite. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, sindano ya joto inapanda.

Watu wengi husema "ni hili joto tu", kana kwamba jua ndilo lililoharibu gari. Hebu tupige hesabu. Rejeta hufanya kazi kwa tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ya nje nyuzi 20, kama asubuhi ya Julai Iringa, tofauti ni nyuzi 70. Maji hayo hayo yakikutana na hewa ya nyuzi 33 ya mchana wa Dar es Salaam mwezi Februari, tofauti ni 57. Rejeta ile ile imepoteza karibu sehemu moja kati ya tano za uwezo wake, na hakuna aliyeigusa. Tena ukiwasha kiyoyozi, kondensa iliyo mbele ya rejeta inamwaga joto lake kwenye hewa hiyo hiyo kabla haijafika rejetani.

Gari lenye afya limeundwa likiwa na akiba ya kubeba upungufu huo. Gari ambalo rejeta yake imeziba robo, au feni yake inajivuta, limekwisha kula akiba yote. Julai linakwenda vizuri, Desemba linaanza kusumbua. Ubovu ulikuwamo siku zote, ila baridi ilikuwa inauficha.

Foleni ya Kimara

Kwenye gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nilimsikia kijana mwenye Noah akiongea na fundi mzee aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Gari inachemsha. Wameniambia ninunue rejeta."

"Inachemsha ukiwa wapi?"

"Foleni ya Kimara. Nikishavuka Mbezi nikaanza kukimbia, inatulia yenyewe."

"Basi rejeta yako waachie wenye maduka, mwanangu. Washa eisi tuone feni."

Kiyoyozi kikawashwa. Feni haikuzunguka. Rejeta haikununuliwa.

Mzee yule hakufanya muujiza. Gari likienda kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo wenyewe unatosha kupooza rejeta, na feni inaweza kuwa imekufa mwezi mzima bila dereva kujua. Foleni ndiyo inayoiumbua. Kwa hiyo gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, macho yaende kwenye feni kwanza, na feni ina namna zake za kukosea.

Feni ya umeme jaribu kama alivyojaribu yule mzee: washa injini, washa kiyoyozi, itazame. Ikizunguka, mota yake ni nzima. Kisha zima kiyoyozi, acha injini iungurume hadi ipate moto. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini feni inatakiwa kuingia maji yakifika karibu nyuzi 93 na kukata yakishuka kwenye 83. Ikiwa inaitika kwa kiyoyozi lakini haiitiki kwa joto, mshukiwa ni swichi ya joto, waya wake au relei, vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko mota na ni ndogo mno kuliko rejeta. Nyingi za Toyota hizo zimetegwa kwa usalama: ukichomoa soketi ya swichi ya joto huku swichi ya gari imewashwa, feni inapaswa kuanza kuzunguka yenyewe. Isipozunguka, rudi kwenye fyuzi, relei na mota.

Kuna la kuchekesha ambalo si la kuchekesha. Feni ya mtumba ikifungwa na nyaya zikapishana, inazunguka vizuri kabisa, ila kinyumenyume. Inasukuma hewa kwenda mbele wakati gari linaileta nyuma, zinakutana rejetani na kusimama. Chukua kipande cha karatasi, kiweke mbele ya gari, upande wa nje. Feni ikifanya kazi yake karatasi itavutwa na kunata. Ikipeperushwa kukurudia usoni, umempata mchawi.

Mark II, Land Cruiser na Hiace nyingi za dizeli zina feni inayoendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Klachi hiyo inapopata joto hushika na kuzungusha feni kwa nguvu, ikipoa hulegea. Baada ya miaka ishirini silikoni huwa imevuja. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, kisha zungusha pangaboi kwa mkono. Linapaswa kuwa zito. Likizunguka lenyewe mara kadhaa kabla ya kusimama, klachi imekwisha, na hakuna rejeta mpya itakayoisaidia. Tazama pia kava la plastiki linaloizunguka feni. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele yalirudi barabarani bila kava hilo, kwa kuwa aliyetengeneza aliliona pambo. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni ambayo haikupitia rejeta.

Likichemsha mwendoni

Sasa geuza hadithi. Gari linatulia kwenye foleni, halafu ukifika Chalinze ukalikalia kilomita 100 kwa saa, sindano inaanza kupanda. Hapo feni haina kosa. Injini inatoa joto jingi, upepo upo, lakini maji hayafiki au hayapiti.

Mshukiwa mkuu ni rejeta iliyoziba kwa ndani. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga siku hizi hakina bei ya kutisha, na fundi makini anacho. Ukikipitisha juu ya uso wa rejeta wakati injini ni ya moto, joto linatakiwa kupungua taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotokea. Ukikuta eneo la katikati au la chini lina ubaridi wa ghafla, vijibomba vya hapo havipitishi kitu. Rejeta za zamani za shaba hufunguliwa matangi, zikazibuliwa na kulehemiwa upya, na mafundi wa kazi hiyo bado wapo. Hizi za alumini zenye matangi ya plastiki hazina uvumilivu huo. Plastiki ikishakauka na kupasuka, gundi ya kubandika ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Mshukiwa wa pili yuko kwa nje. Kati ya kondensa na rejeta kuna uwazi mwembamba ambao hakuna anayeuangalia, na gari linalosafiri mikoani huko hujaza vumbi, mbegu za majani, panzi na tope. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi na kudhani mambo ni mazuri. Lazima kuachanisha vitu viwili hivyo na kuosha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya kawaida. Mashine ya shinikizo kubwa ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala ni sawa na rejeta iliyopakwa rangi.

Wa tatu huwapumbaza hata wazoefu: mpira wa chini wa rejeta. Pampu hunyonya maji kupitia mpira huo. Ukishakuwa laini kwa uzee, injini ikienda kasi unanyonywa na kubonyea, na njia inafunga. Ukisimama na kufungua boneti, umerudi umbo lake, huoni kitu. Mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe unautazama, mikono ikiwa mbali na mikanda.

Pampu yenyewe hutoa taarifa mapema kwa anayetaka kusikia: mlio wa beringi, au alama ya maji yaliyokauka kwenye kitundu kidogo chini ya shafti yake. Mapanga yake yakiliwa na kutu, hata hivyo, haisemi kitu. Kwenye injini ya 3S iliyojaa kwenye Noah na RAV4 za zamani, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo anayebadilisha mkanda na kuiacha pampu chakavu ndani anajiandalia gharama ya kufungua mara ya pili.

Na kutu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kidumu. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji ya Dodoma yana madini, kila anayeyachemshia chai anayajua. Chumvi na madini hayo hayavukizwi pamoja na maji. Yanabaki yakijijenga ndani ya vijibomba, siku baada ya siku. Dharura ni dharura, weka maji uliyonayo. Lakini gari la kudumu linataka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, au walau ya mvua yaliyokingwa safi. Kulanti si rangi. Ina dawa za kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu huchemka kwenye takriban nyuzi 107 badala ya 100. Wapo wanaomimina ile nzito bila kuchanganya wakidhani wanaongeza nguvu. Wanaipunguza, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli. Neno moja kwa wenye watoto na mifugo: kulanti yenye ethilini glikoli ina utamu, nayo ni sumu. Isimwagwe uani.

Shilingi chache za mfuniko

Kitonga sasa. Mlima mrefu una ukatili wake: injini inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote, huku gari likitembea kilomita 30 kwa saa na upepo ukiwa kidogo. Joto ni la barabara kuu, hewa ni ya foleni. Ndiyo maana ubovu mdogo wa kila aina, ambao Dar es Salaam ulikuwa ukivumilika, hukutana pale kwa pamoja.

Tena kuna jambo la mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila ukipanda takriban mita 300 kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi. Iringa mjini, ambako ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, sufuria inachemka kwenye nyuzi 95 au karibu. Hilo ni joto ambalo injini nyingi hulifikia zikiwa na afya njema. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mfuniko.

Tazama juu ya mfuniko wako, huenda ukaona namba 0.9 au 1.1. Ni kipimo cha shinikizo ambalo springi yake inalishikilia kabla ya kuachia maji yaende kwenye chupa ya akiba. Ukiwa na 0.9 usawa wa bahari, maji matupu hayachemki hadi yapite nyuzi 115, na yenye kulanti yanavumilia zaidi. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, mfuniko unageuka kizibo tu, na maji yanachemka mapema, yanamwagika, kisha injini inaungua kwa kukosa maji. Gereji yenye pampu ya kupimia shinikizo inaweza kuujaribu kwa dakika mbili. Yako haina? Badilisha mfuniko tu, na uwe wenye namba ile ile. Kuweka wa 1.1 mahali pa 0.9 "ili uhimili" ni kuihamishia shida mipira na matangi ya plastiki yenye umri wa kupiga kura.

Kesi ya themostati

Nikipewa nafasi ya kupiga marufuku desturi moja ya gereji zetu, nitachagua hii. Gari likichemsha, themostati inatolewa na kutupwa. "Hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Sentensi hiyo imezoeleka Mombasa, Dar es Salaam na Kampala kiasi kwamba mwenye gari anaishukuru.

Tuwatendee mafundi haki. Desturi haikuanza kwa ujinga. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha gari kwelikweli, na ndani ya dakika kumi au kumi na tano tangu kuwashwa, hata bila mzigo. Mpira mmoja wa rejeta unawaka, mwingine ni baridi kabisa. Ukiitoa, gari linapona palepale. Themostati bandia nazo zimejaa sokoni. Fundi aliyefungia mteja mpya ikakwama baada ya wiki ana sababu ya kutokuziamini tena.

Lakini kidude hicho hakikuwekwa kwa sababu ya theluji. Injini inataka kukaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, iwe Sapporo au Tabora, na themostati ndiyo inayoishikilia hapo. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ikitolewa, injini kwenye barabara kuu hukaa na ubaridi, kompyuta inadhani bado inapasha moto na kuongeza petroli, unyevu haukauki kwenye oili, na ringi zinalika. Mwenye gari analalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, na hakumbuki tena ile siku ya Morogoro.

Hayo ni ya polepole. La haraka linahusu umbo lake. Themostati za Toyota nyingi zina vali mbili. Ya juu hufungua njia ya kwenda rejetani, na kisahani cha chini, wakati huo huo, hufunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini kabla haijapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila hata kuiona rejeta. Kwenye tambarare huwezi kujua. Kitonga utajua. Gari moja hilo hilo linaweza kuwa baridi kupita kiasi Kibaha na kuchemsha mlimani, na dawa iliyotolewa ndiyo inayoumiza.

Kuijaribu kunahitaji sufuria, jiko na kipimajoto. Itumbukize themostati kwenye maji bila kugusa kitako cha sufuria, pasha, na tazama inaanza kufunguka lini. Namba iliyochapwa juu yake ndiyo ahadi yake. Maji yakikaribia nyuzi 95 iwe imefunguka wazi, milimita 8 au zaidi. Fanya hivyo hata kwa mpya kabla ya kuifunga, hasa kwa mpya. Na ile yenye kijitundu chenye kipini kinachochezacheza, kijitundu kielekezwe juu ili hewa itoke.

Sindano inayodanganya

Dereva anakwambia, "Sindano ilikuwa katikati, ghafla ikaruka." Hasemi uongo. Watengenezaji wa magari ya Kijapani waliituliza sindano makusudi ili isimtie mteja wasiwasi, kwa hiyo inaweza kukaa katikati wakati joto la maji limepanda kwa nyuzi nyingi. Ikianza kusogea, muda uliobaki ni mfupi. Vitz na Passo nyingi hazina hata hiyo sindano: kuna taa ya buluu ya ubaridi, na nyekundu ya msiba.

La hatari zaidi ni pale maji yanapokwisha kabisa. Kihisi cha joto kimeundwa kukaa ndani ya maji. Yakishuka chini yake kinabaki hewani, na sindano inaweza kushuka huku hedi ikiungua. Kwenye gari kuukuu hita ni shahidi mzuri: ukiiwasha na ikatoa hewa ya baridi ilhali injini imeshapata moto, maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa njiani.

Hedi ya alumini iliyopata moto kupita kiasi hupinda, na gasketi chini yake hukosa mbano. Hapo ndipo magari mengi ya dizeli ya injini za 2C na 3C zenye turbo yalipopatia sifa mbaya, kwa hedi kupasuka. Dalili hazijifichi kwa anayezitafuta. Maji yanapungua na huoni yanapovujia. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mpira wa juu ni mgumu kwa shinikizo lililolala humo usiku kucha. Unafungua mfuniko, unawasha, na mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Moshi mweupe, mzito, hauishi hata injini ikipata moto. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Si lazima uone zote. Kipo kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta: gesi ya mwako ikipita ndani yake, dawa inageuka njano kwa petroli, kijani kwa dizeli. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, dai kipimo hicho, kwa kuwa kufungua hedi ndiyo bili kubwa kuliko zote katika makala hii. Na ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda na ikaguliwe nyufa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itarudi gereji kabla ya Pasaka.

Ukiwa barabarani

Sindano ikianza kupanda mlimani, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita hadi mwisho na feni yake hadi mwisho. Utatoka jasho la kukumbukwa, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Rudisha gia, na kwa gari la gia otomatiki bonyeza ile swichi ya kukata gia ya juu. Magari mengi ya namna hiyo hupooza mafuta ya gia ndani ya rejeta hiyo hiyo, na kuhangaika na gia kubwa mlimani huzidisha joto.

Isiposhuka, egesha. Mvuke ukionekana au taa nyekundu ikiwaka, zima injini, usiseme "hadi pale mbele penye watu". Kisha subiri, nusu saa si nyingi. Mfuniko wa rejeta ya moto usifunguliwe, kwa kitambaa wala kwa ujasiri. Maji yaliyokuwa yamezuiwa kwa shinikizo huchemka yote mara moja pale linapoachiwa, na wodi za majeraha ya moto zina watu wanaolijua hilo. Ukiweza kuushika mpira wa juu bila kuondoa mkono, na ukiubinya unabonyea, sasa fungua polepole. Maji ya baridi yasimiminwe kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka.

Ukirudi kwa fundi, na kazi ikafanyika, isiishie kwenye kujaza maji na kufunga. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari lililotengenezwa vizuri, na Hiace au Town Ace zenye injini chini ya viti na mabomba marefu ndizo zinazosumbua zaidi. Pua ya gari iinuliwe kwenye mteremko, hita ifunguliwe, maji yaingie taratibu, injini iungurume hadi feni iingie na kukata walau mara mbili. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, angalia kiwango tena na uongeze kilichopungua.

Halafu jaribio. Fundi atapenda kulizungusha gari mtaani saa tatu usiku, kwenye upepo, na kukurudishia ufunguo. Usikubali. Gari lililokuwa likichemsha kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni lijaribiwe kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kimewashwa, fundi ameketi kiti cha abiria, na salio lake bado liko mfukoni mwako.